Je, Wajua? Kalendula, ua linalotaka kuchumwa

Je, wajua kwamba kichwa kimoja cha kalendula hutoa mbegu za sura tatu? Mimina pakiti kiganjani uangalie. Kuna ndefu zilizopinda, zenye mdomo na miiba midogo mgongoni. Kuna pana, zenye kingo nyembamba zilizoinuka pande mbili. Halafu kuna fupi zilizojikunja pete, zenye makunyanzi, rangi ya udongo mkavu. Ukizikuta juu ya jani utaapa ni viwavi. Mnunuzi mgeni huona ameuziwa takataka, akaanza kuchambua zile anazodhani ni nzuri na kutupa nyingine. Usichambue. Zote huota mmea uleule. Kinachotofautiana ni usafiri tu: zenye miiba hudandia manyoya ya mnyama anayepita, pana hupeperushwa na upepo, na zilizojikunja hudondoka palepale chini ya mama yao ili kiwanja kisikose mrithi.

Je, wajua kwamba jamaa zake unao tayari uani? Kishona nguo, lile gugu linaloganda kwenye suruali, ni wa ukoo huu. Vilevile alizeti ya Singida, letusi ya saladi, na pareto ya Mafinga na Molo. Ukoo mzima una spishi zaidi ya 20,000, kwa hiyo usishangae ndugu wakikosa kufanana.

Je, wajua kwamba tunachokiita ua moja la kalendula ni baraza la maua madogo mengi? Kila petali ya pembeni ni ua linalojitegemea, na kila chembe ya katikati ni ua pia. Hapo ndipo kalendula na alizeti zinapoachana njia. Petali za njano za alizeti ni pambo la kuita nyuki tu. Mbegu zote zinakaa katikati. Kwa kalendula mambo yamepinduka: maua ya katikati hutoa chavua lakini hayazai, na mbegu hutoka kwenye maua ya pembeni. Chukua kichwa kilichokauka ukitazame kwa juu. Mbegu zimepangana duara, na kitovu kimebaki kitupu.

Je, wajua kwamba huenda hujawahi kuiona kalendula, hata kama unaamini umeiona? Waingereza huita marigold mimea miwili isiyotoka hata bara moja. Yale mashada ya njano na chungwa yanayotundikwa milangoni wakati wa Diwali, Mombasa na Dar es Salaam, ni ya tageti, mmea wenye asili ya Mexico, ambako watu hupamba nao makaburi ya wapendwa wao mwanzoni mwa Novemba. Kalendula ni ya pande za Bahari ya Mediterania. Ukitaka kuzitofautisha, acha ua, shika jani. La tageti limechanika vipande vipande na harufu yake kali hubaki mkononi. La kalendula ni zima, refu, lenye vinyweleo laini. Mbegu nazo hazifanani hata kidogo, maana ya tageti ni kijiti chembamba cheusi chenye mkia mweupe. Kwenye pakiti tafuta maneno Calendula officinalis. Muuzaji akikwambia ni yaleyale tu, rudisha pesa mfukoni.

Je, wajua kwamba sifa ya kuua minyoo fundo udongoni ni ya tageti? Mizizi yake ndiyo yenye sumu hiyo. Kalendula imevalishwa sifa ya mwenzake kwa sababu ya kuchangia jina, na wapo wanaoipanda katikati ya nyanya zao wakisubiri muujiza.

Je, wajua kwamba kalendula ya bustanini haina pori linalojulikana kuwa kwao? Jamaa zake wa mwituni wametapakaa kutoka visiwa vya Atlantiki hadi Iran, lakini hii tunayoipanda imekaa na watu muda mrefu kiasi kwamba wataalamu wengi huiona kuwa ni zao la bustani zenyewe.

Je, wajua kwamba mbegu zake zinataka giza? Aina nyingi za letusi huhitaji mwanga ili zichipue, ndiyo maana mbegu zake husiwa juujuu. Huyu binamu yake ni kinyume. Ifukie kina cha sentimita moja hivi, gandamiza udongo kidogo kwa kiganja, kisha mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo ili maji yasiifukue. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 15 hadi 21, miche huanza kuchungulia kati ya siku ya 5 na ya 14. Joto likipanda kupita nyuzi 30, mbegu nyingi hugoma. Trei iliyowekwa kwenye sakafu ya saruji inayopigwa na jua la Tanga haitoi kitu, na lawama humwangukia muuza mbegu. Iweke kivulini, itandazie gunia lenye unyevu juu yake, na uchungulie kila asubuhi. Siku utakayoona shingo ya kwanza ya kijani imeinama ikijivuta kutoka udongoni, gunia liondoke siku hiyohiyo. Mche ukikosa mwanga hurefuka, hupauka, ukaanguka.

Je, wajua kwamba gramu moja ya mbegu ni karibu mbegu 100? Ni kubwa za kutosha kushikwa na vidole vya mtoto wa chekechea bila kumwagika zote mahali pamoja. Jaribu kumpa huyo mtoto mbegu za mchicha uone.

Je, wajua kwamba kosa kubwa kuliko yote katika kuotesha kalendula Afrika Mashariki ni la kalenda? Mmea huu ni wa baridi. Picha zake zenye rangi ya jua zinadanganya, nasi tunadhani chenye rangi ya jua lazima kipende jua kali. Kalendula hupenda mwanga mwingi na hewa ya ubaridi, na nyanda za juu vyote viwili vipo: Lushoto, Njombe, Mbeya, Limuru, Nyeri, Kabale, Bukavu. Huko unaweza kusia karibu wakati wowote ilimradi maji yapo na mvua kubwa hazipigi miche. Mwambao ni habari nyingine. Ukisia Desemba, jua la Januari na Februari litaikuta ikiwa mche, nayo itatoa vijiua viwili vitatu vidogo kisha ife ikiwa imenyong'onyea. Sia masika yakielekea ukingoni, Mei au mapema Juni. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni kama wiki nane, kwa hiyo maua yataangukia kwenye kipupwe cha Julai na Agosti, wakati kusi inavuma na usiku watu wanatafuta shuka ya pili. Kwa jamaa walioko Muscat hesabu ni nyingine kabisa: wasie joto likishavunjika, mwishoni mwa Oktoba au Novemba, maua yafunguke majira ya baridi. Kitu ambacho hakifai kufanywa popote ni kufuata maelekezo ya nyuma ya pakiti iliyochapwa Ulaya, yanayosema sia Machi. Machi ya Uholanzi na Machi ya Kilindini ni dunia mbili.

Je, wajua kwamba mmea uliokwisha shika mizizi huvumilia hata jalidi nyepesi? Asubuhi zile ambapo majani ya viazi huungua kwa baridi huko Makete au Kinangop, kalendula ya jirani inaweza kuonekana imenyauka alfajiri, na kufikia saa nne imesimama.

Je, wajua kwamba samadi nyingi huinyima maua? Mmea uliolishwa kupita kiasi hunenepa majani na kujisahau. Udongo wa kawaida wa bustani, uliochanganywa na mboji kiasi na usiotuamisha maji, unaitosha. Kopo la rangi la lita nne lililotobolewa chini linabeba mmea mmoja vizuri. Dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni na kulazwa linabeba mitatu, na halihitaji zaidi ya sehemu ya baraza inayopata jua la asubuhi.

Je, wajua kwamba kung'oa miche ni sehemu ya kupanda? Nafasi kati ya mmea na mmea iwe sentimita 25 hadi 30. Najua inauma. Umeisubiri ichipue, imechipua yote, sasa unaambiwa ung'oe nusu. Ihamishe basi ikiwa midogo, ikiwa na majani manne hivi, jioni, na bonge la udongo wake. Iliyobanana hukosa hewa, na kwenye majani yaliyokosa hewa huja unga mweupe kama ule wa ubwiri unga ambao wakulima wa korosho wa Mtwara wanaujua vizuri mno. Kuvu wenyewe ni tofauti, ila tabia zinashabihiana. Mwagilia shinani, asubuhi, usiloweshe majani.

Je, wajua kwamba vidukari wanaipenda kalendula? Msomaji mmoja ataona hiyo ni sababu ya kutoipanda, mwingine ataona ni sababu ya kuipanda kando ya sukuma wiki. Vidukari wakihamia kwenye kalendula, huwafuata wale inzi wadogo wenye mistari ya njano na nyeusi wanaoelea hewani bila kusogea. Inzi wenyewe hunywa maji matamu ya maua. Watoto wao, viluwiluwi visivyo na miguu, hula vidukari kwa wingi. Ukikimbilia bomba la dawa umewaua wote, na vidukari ndio watakaotangulia kurudi. Chupa ya maji yenye sabuni kidogo inatosha kwa shina lililoelemewa.

Je, wajua kwamba kalendula haimpendi bahili? Ukiliacha ua mpaka likomae mbegu, mmea huhesabu kwamba kazi imekwisha na hupunguza kuchipuza mengine. Ukilikata, hutoa jingine, na jingine. Pitia kila baada ya siku mbili au tatu, ukate na sehemu ya shina hadi kwenye jani linalofuata, si kichwa peke yake. Wanaolima kwa ajili ya dawa na chai huchuma kila ua linalofunguka, na ndio wanaopata maua kwa muda mrefu kuliko yule aliyepanda kwa ajili ya kuyatazama tu.

Je, wajua kwamba maua haya hufunga duka? Jioni petali huinuka na kujikusanya, na siku ya mawingu mazito huchelewa kufunguka au hayafunguki kabisa. Shakespeare aliitaja tabia hiyo ya kulala na jua katika tamthilia yake The Winter's Tale, na wakulima wa Ujerumani walikuwa wakisema kalendula isipofunguka kufikia saa moja asubuhi, mvua inakuja. Kwa mchumaji maana yake ni kwamba usitoke na kapu alfajiri. Subiri umande ukauke na ua lifunguke lote, kati ya saa tatu na saa tano hivi.

Je, wajua kwamba vidole vyako vitanata? Bonyeza sehemu ya kijani iliyoshikilia petali, utahisi utomvu unaoganda kama gundi na harufu yake ya majani machungu. Wengi hudhani sehemu kubwa ya dawa iko hapo, lakini misombo ambayo wanakemia wameihusisha na uwezo wa kutuliza uvimbe imejaa zaidi kwenye petali. Kwa hiyo anayenyofoa petali na kutupa kitako hajabaki na rangi tu. Zipo aina zilizozalishwa mahususi kwa utomvu mwingi, mojawapo Resina, ambayo si nzuri sana kwa sura lakini mkono wa mchumaji wake huwa mweusi kwa utomvu kabla kapu halijajaa. Mafuta ya kupikia huuondoa. Maji na sabuni havifui dafu.

Je, wajua kwamba mwaka 1597 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, John Gerard, aliandika kwamba katika nchi za Waholanzi petali kavu za kalendula ziliuzwa na wafanyabiashara wa viungo kutoka kwenye mapipa? Zilitiwa kwenye supu za majira ya baridi. Maskini wa Ulaya walizitumia pia kutia rangi kwenye siagi, jibini na wali, mahali pa zafarani wasiyoimudu.

Je, wajua kwamba hila hiyo inafaa kwa biriani, ila kwa sharti moja? Rangi ya zafarani huyeyuka kwenye maji, ndiyo maana tunailoweka kwenye maji ya vuguvugu au maji ya waridi. Rangi ya kalendula huyeyuka kwenye mafuta. Ukiiloweka kwenye maji utapata maji yaliyopauka na hasira. Kaanga petali kwa moto mdogo kwenye samli mpaka samli igeuke njano, kisha ipitishe juu ya wali. Usitarajie harufu ya zafarani, haimo. Na petali mbichi unazitupia tu kwenye kachumbari. Zina uchungu kwa mbali, nao umejikusanya zaidi kwenye kile kitako cheupe cha petali, kikate ukiwa na subira.

Je, wajua kwamba kalendula ya chungwa ina kile kinachotia nyanya wekundu? Ni laikopeni. Ile ya njano haina, au inayo kidogo sana. Njano yake inatokana na jamaa wengine wa kundi hilohilo la rangi.

Je, wajua kwamba krimu ya kalendula imewahi kupimwa hospitalini, kwa utafiti wa kweli? Mwaka 2004 madaktari wa Lyon, Ufaransa, walitoa matokeo ya wanawake 254 wenye saratani ya matiti waliokuwa wakipigwa mionzi. Waliopaka krimu ya kalendula, asilimia 41 walipata madhara ya ngozi ya kiwango cha pili au zaidi. Waliopaka krimu nyingine iliyozoeleka huko, asilimia 63. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini ni utafiti wa ngozi iliyochomwa na mionzi, kwa krimu ya kiwandani. Haukusema kalendula inatibu saratani, wala sukari, wala presha, kama yanavyodai mabango ya baadhi ya wauza miti shamba wetu. Shirika la Ulaya linalosimamia dawa huikubali kwa uvimbe mdogo wa ngozi, vidonda vidogo, na uvimbe mdogo wa kinywa na koo, na msingi wa kibali hicho ni matumizi ya miaka mingi, si majaribio makubwa. Kidonda kinachotoa usaha au cha mgonjwa wa sukari ni cha kliniki. Mjamzito asiinywe. Na mtu ambaye pareto au maua ya ukoo huu humpa chafya na vipele aijaribu kwanza kwa tone ndani ya kiwiko, asubiri siku nzima.

Je, wajua kwamba ua linaloonekana kavu mara nyingi halijakauka? Petali hutangulia, zikawa karatasi, huku kitako bado kina maji. Tandaza maua uso chini kwenye ungo, kivulini, penye hewa. Jua kali hupausha rangi. Vunja kitako kwa kucha: kikipinda, bado, kikikatika kwa mlio, tayari. Ukiyawahisha kwenye chupa ya mafuta ya nazi, maji yaliyojificha hapo ndiyo yanayoleta ukungu, na chupa nzima ni ya kutupa. Yakikauka kweli, yafunike kwa mafuta mpaka juu, yakae kati ya wiki nne na sita, kisha chuja kwa kitambaa safi. Mwambao hutapata shida ya mafuta ya nazi kuganda. Walio Njombe watumie ya alizeti.

Je, wajua kwamba mbegu za kalendula zinakamuliwa? Mafuta yake yana asidi iitwayo kalendiki, ambayo inaweza kuzidi nusu ya mafuta yote, na hukauka haraka yakipata hewa. Kwa hiyo hayaendi jikoni. Watafiti wa Ulaya wameyalenga kwa viwanda vya rangi na vanishi.

Je, wajua kwamba ukiweka kalendula za njano karibu na za chungwa, msimu ujao hutachagua wewe? Nyuki ndio watakaoamua. Anayetaka rangi moja apande rangi moja, aache vichwa vichache vya mwisho vikomae, akusanye mbegu zikishakuwa za kahawia na kuachia zenyewe kidole kikizigusa. Zikitunzwa kwenye bahasha mahali pakavu, huota vizuri kwa miaka mitatu au minne.

Je, wajua kwamba maua makavu ya kalendula yanayouzwa duniani, mengi yanatoka Afrika? Misri ni miongoni mwa wauzaji wakubwa, hasa mashamba ya Fayoum na Beni Suef, ambako huchumwa kwa mkono, ua kwa ua, katika miezi ya baridi na mwanzo wa joto. Kilo saba au nane mbichi hukauka zikabaki kilo moja. Kwa hiyo ukiikuta gramu 50 dukani Nairobi kwa bei ya kuku, piga hesabu ya migongo iliyoinama kabla hujamwita muuzaji mwizi. Au toboa kopo la rangi, usie zako.